Suala la Ngoma Mbili na Mtoto Asiyesema

Tumeletewa suala na mama mmoja wa Kiislamu, mzaliwa wa Mombasa, ambaye sasa akaa na mumewe Satellite, upande wa Riruta, Nairobi. Ana mwana wa miaka minane ambaye madaktari wamesema ana usonji. Mtoto huyo asikia vizuri, awatambua watu wake, na akitaka maji humshika mamaake mkono akampeleka penye mtungi. Lakini neno hasemi. Pamoja na hayo huvuma. Akisikia kasida huifuata sauti yake kwa puani, ikipanda hupanda nayo, ikishuka hushuka nayo. Sasa amepatikana mwalimu wa kike ambaye humketisha mbele ya ngoma mbili ndogo, akamwimbia neno polepole huku wakigonga pamoja, pigo moja kwa kila silabi. Baada ya miezi mitatu mtoto ametoa "ma" na ametoa "ji". Mama amefurahi. Lakini mavyaa yake, aliyekuja kutoka pwani kuwatazama, amesema hizo ni ngoma za pepo zilizovishwa koti la Kizungu. Shemeji yake amesema ala za muziki ni haramu, na katika haramu hamna dawa. Na jirani zake waliosoma wamemwambia, "Fanya tu, dharura huhalalisha yaliyoharimishwa." Basi yeye atuuliza: katika hawa watatu, ni yupi aliyesema haki?

Twaona kuwa wote watatu wamekosea, na huyo wa tatu, ingawa amemruhusu, ndiye aliyemtia mama huyu katika hatari kubwa zaidi. Tutalieleza hilo kwa taratibu, kwani suala hili si la nyumba moja. Nyumba za namna hii zi nyingi katika miji yetu, ila milango yake hufungwa mapema.

Kwanza yatupasa kujua usonji ni nini. Si wazimu, wala si maradhi ya kuambukizana. Ni umbile la akili alilozaliwa nalo mtoto, ambalo humfanya apokee sauti, nyuso, maneno na mazoea ya watu kwa namna isiyokuwa ya wengine. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeandika khabari zake mwaka 1943, akaeleza watoto 11. Katika hao wanane walipata kusema, na watatu hawakusema. Kwa yaliyojulikana baadaye, wapata robo ya watoto wenye usonji, au zaidi kidogo, hufika umri wa kwenda shule nao hawana maneno ila machache sana. Naye Kanner aliona tangu mwanzo kuwa baadhi yao wana kumbukumbu ya ajabu katika nyimbo. Kwa hivyo mtoto wa Satellite avumaye kasida si muujiza wala si mashaka.

Watu wakishindwa kulieleza jambo hutafuta wa kulaumiwa. Huko Ulaya na Marekani wataalamu walishikilia kwa miaka mingi kwamba mtoto huwa hivi kwa sababu mamaake hana mapenzi naye. Bruno Bettelheim aliandika kitabu kizima kueneza rai hiyo mwaka 1967, na ilichukua muda mrefu mpaka ikatupwa. Huku kwetu lawama ni ya pepo, au jicho, au laana ya wazee. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa Kilifi na Mombasa, na sababu hizo ndizo walizozisikia kwa wazazi na kwa wengine, zikichanganyika na sababu za maradhi na za uzazi. Na wazazi hao hao walikuwa wakienda kwa waganga na hospitali pia. Wenzetu walimtuhumu mama, sisi twamtuhumu jini. Na katika tuhuma zote mbili baba hutoka salama.

Sasa tuje kwa mavyaa. Hatumlaumu sana bibi huyu, kwa sababu ameona kwa macho yake mambo ambayo mjukuu wake hajayaona. Ameona watu wakiuza dhahabu zao kulipa ngoma ya pepo, na mgonjwa akirudi nyumbani kama alivyotoka. Akisikia kwamba mtoto mgonjwa apigiwa ngoma, moyo wake hukimbilia huko. Lakini hukumu haifuati mfanano wa sura. Katika ngoma ya pepo husemwa kuwa yuko mwingine ndani ya mtu. Ngoma humwita huyo mwingine, humpembeja, humwuliza ataka nini, naye hutaka pete, au kitambaa, au damu ya mbuzi. Mgonjwa mwenyewe hasemezwi, amekuwa nyumba tu ya kuketi mgeni. Kwa mwalimu huyu hapana anayesemezwa ila mtoto. Neno linaloimbwa ni "maji," na maana yake ni maji. Mwondolee mganga ngoma zake, kazi yake imekwisha. Mwondolee mwalimu huyu ngoma zake, atagonga meza. Na akikosa meza atapiga makofi. Yeyote atakaye kuzipambanua hizi mbili na atazame hapo: je, yule mtoto ndiye anayetafutwa, au ni mwingine asiyeonekana?

Ama shemeji, yeye ameleta hoja ya ilimu, na hoja ya ilimu hujibiwa kwa ilimu. Khitilafu ya wanazuoni katika ala ni ya zamani. Ibn Hazm wa Andalusi alilegeza. Ibn Hajar al-Haytami, ambaye ni katika nguzo za madhehebu yetu ya Shafii, alikaza, akaandika kitabu makhsusi cha kuonya. Hatusemi kuwa mlango umefunguka wazi. Twasema kuwa ndugu huyu amelitaja neno "ala" kana kwamba ni kitu kimoja, na hao wenyewe anaowafuata hawakufanya hivyo. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho vijana wetu wa pwani wamekisoma kwa vizazi, dufu limejuzishwa katika arusi na katika tohara, na katika mambo mengine yasiyokuwa hayo mawili, kwa kauli iliyo sahihi zaidi. Baada ya hapo ndipo anapoharimisha ngoma moja kwa jina lake, nayo ni kuba: ngoma ndefu iliyobanwa kiuno. Mwenye kuharimisha kila kinachogongwa asingekuwa na haja ya kuitaja ile yenye kiuno. Na watu wa Lamu wajua namna matari yalivyozusha maneno Habib Swaleh alipoyaingiza katika maulidi. Maneno yale hatuyafungui leo, kwa sababu hayo yalihusu ibada, na suala letu si la ibada. Ni la mafunzo. Ngoma mbili za ngozi, zisizobanwa kiuno, apigiwazo mtoto asiyebaleghe ili ajue kutamka jina la maji: aliyeona katika hizi uharamu, basi ni juu yake kuleta dalili, wala si juu ya mama huyu.

Lipo na jambo jengine ambalo shemeji hakulifikiri. Imamu Ghazali, katika mlango wa kusikiliza ndani ya Ihyaa, ameeleza kuwa mtoto mchanga hutulizwa na sauti nzuri, na ngamia husahau uzito wa mzigo wake akisikia wimbo wa mchungaji. Alitaja hayo kuonyesha kuwa athari ya sauti katika kiumbe ni umbile, haikuletwa na wafuska. Na vyuoni mwetu je? Ni nani kati yetu aliyejifunza herufi na irabu zake kwa kimya? Tulifundishwa kwa mvumo, tukitikisika mbele na nyuma, na mwalimu akigonga ubao kwa kifimbo chake. Hatukuambiwa kuwa ni muziki kwa sababu hatukuwa na haja ya kuambiwa.

Tunafika kwa jirani aliyesema "dharura." Hapa twaomba msomaji awe na subira, maana ni lazima kwanza tueleze kazi yenyewe na yaliyothibiti kwayo.

Mwaka 1973 wataalamu wa Boston waliandika khabari za watu waliopatwa na kiharusi wakapotewa na usemi, nao waweza kuimba maneno wasiyoweza kuyasema. Wakawafundisha kusema kwa kupitia wimbo. Inadhaniwa kwamba usemi hutegemea zaidi upande wa kushoto wa ubongo, hali wimbo huziamsha pande zote mbili. Na kwamba mkono ukigonga wakati ule ule mdomo unapotamka, njia ya kusikia na njia ya kutenda hushikana. Kutoka hapo, mwaka 2011, Catherine Wan, Gottfried Schlaug na wenzao, huko huko Boston, walichapisha khabari ya watoto sita wenye usonji wasiokuwa na neno. Waliwafundisha vipindi 40 katika wiki nane kwa ngoma mbili zenye sauti mbalimbali, moja ya juu na moja ya chini. Mwalimu huimba neno mtoto akisikiliza. Kisha huimba pamoja. Kisha mwalimu hupunguza sauti yake kidogo kidogo mpaka mtoto abaki peke yake. Wote sita walipata kutamka silabi ambazo hawakuwa nazo. Mwaka 2016 watafiti wa jamaa hiyo waliwapima watoto saba wa ngoma na saba wengine waliofundishwa kwa kurudia maneno matupu, na wale wa ngoma wakawatangulia.

Tutaongeza jambo ambalo hatukulisoma kwao, bali ni letu. Njia hii yaelekea kukifaa Kiswahili zaidi ya Kiingereza. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na neno hubeba uzito wake katika silabi ya pili kutoka mwisho: ma-ji, u-ji, ta-ka, na-ta-ka. Pigo la juu, pigo la chini, neno limetimia. Mtoto wa Kiingereza hulazimishwa kufunga neno kwa konsonanti mbili tatu zilizobanana. Lau mwalimu wa Satellite anamfundisha mtoto huyu kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya shule, twamnasihi mama amwombe abadilishe. Mtoto na apewe kwanza maneno ya nyumbani kwao.

Hizo ndizo khabari njema. Zilizobakia nazo lazima zisemwe. Watoto sita ni sita, na saba ni saba. Mwaka 2017 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mkubwa wa tiba ya muziki katika nchi tisa, watoto 364. Muziki wake ulikuwa wa kucheza pamoja na mtoto bila ya mpango huu wa ngoma mbili, na baada ya miezi mitano haikuonekana tofauti katika uzito wa dalili baina ya waliopewa na wasiopewa. Mwaka 2022 wakusanyaji wa Cochrane walizipima tafiti 26 zenye watu 1,165. Wakaona kuwa tiba ya muziki yaelekea kumnyanyua mtoto kwa jumla na kuifanya hali ya maisha yake kuwa bora, lakini katika usemi wa mdomo hawakupata dalili iliyo wazi. Mwenye kumwahidi mama huyu kuwa mwanawe atasema kwa hakika amempunja, hata kama ana shahada ukutani.

Sasa turudi kwa dharura. Wanazuoni walipojuzisha kutibu kwa kilicho haramu waliweka masharti: iwe hapana halali ishikayo mahali pake, na ijulikane, kwa ilimu ya mganga mwaminifu, kwamba dawa hiyo yafaa. Je, sharti hizi zimepatikana hapa? Hazikupatikana. Ngoma si njia pekee, na manufaa yake bado yachunguzwa. Kwa hiyo, anayemwambia mama, "Ni haramu, lakini wewe una dharura," amempa kibali kisichosimama. Siku atakapokuja mtu mwenye ilimu akazisoma tafiti hizo, atamwambia, "Dharura yako haikuthibiti, basi umekuwa katika haramu miaka yote hiyo." Kumbe hakuwa na haja ya dharura. Jambo lenye asili ya uhalali halingoji mpaka lithibiti kuwa ni dawa. Mtu hujaribu uji huu na uji ule bila ya kuuliza fatwa, akaacha usiomfaa. Na sisi tumeliona neno hili "dharura" likitumika ovyo ovyo katika siku zetu, katika riba na katika mengineyo, hata limekuwa kama ufunguo wa kila kufuli. Afadhali lisitiwe mkono pasipo na haja nalo.

Wako waliomwambia mama huyu aache ngoma amsomee mwanawe Kurani badala yake. Kumsomea ni jambo jema, wala mama hahitaji sisi kumwambia. Lakini "badala yake" hatuikubali. Mtu hamwambii mwenye mguu uliovunjika asome badala ya kufungwa gango. Tena twachelea kwamba mtu ataigeuza kazi hii, akayakata maneno ya Kitabu silabi silabi kwa pigo la ngoma ili mtoto azoeze mdomo. Hilo halifai kwa adabu ya Kitabu. "Maji" na "uji" na wapigiwe ngoma. Kurani na isikizwe kama Kurani. Wengine wamekamia sauti ya mwalimu, kwa kuwa ni mwanamke na mwanafunzi ni mvulana. Sauti ya mwanamke si uchi kwa kauli iliyo sahihi katika madhehebu yetu, na mwanafunzi mwenyewe ana miaka minane. Tuwe na haya.

Lililotusumbua zaidi katika barua hii ni sentensi moja ya mwisho, ambayo mama ameiandika kwa uchungu: kwamba ataka mwanawe aseme "ili naye awe mtu." Hapa ndipo penye suala lenyewe, na ngoma ni pambo lake tu. Je, ulimi ndio unaomfanya mtu kuwa mtu? Wanafalsafa wa Kiyunani walimwita binadamu mnyama asemaye, na wetu wakalipokea neno hilo katika vitabu vya mantiki: hayawani natiki. Lakini wale wenye kuvifahamu vitabu hivyo wajua kuwa "natiki" huko si mwenye kupiga domo. Ni mwenye kufahamu. Na watu wa fiqhi walikwenda mbali zaidi kwa vitendo. Bubu akiuza kwa ishara ifahamikayo, kuuza kwake kumepita. Akioa kwa ishara, ameoa. Akitaliki kwa ishara, ametaliki. Hawakumngoja aseme ndipo wamhesabu. Ishara yake imesimama mahali pa tamko, na mali na watu huhama kwayo.

Basi mtoto anayemshika mamaake mkono akampeleka penye mtungi amesema. Amesema wazi kuliko wengi wetu. Iliyobaki ni kumpa maneno mengi zaidi ya namna hiyo. Ziko picha ambazo mtoto huonyesha kwa kidole, ziko ishara za mikono, na siku hizi ziko simu zinazotamka neno mtoto akigusa picha. Wazazi wengi huyakataa haya, wakihofu kwamba mtoto akizoea picha atauacha ulimi. Waliochunguza hawakuona kuwa picha humzuia mtoto kusema, bali wengine wao husema zaidi. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, yampa mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, nukta za vipofu, au njia nyingine imfaayo. Abdullahi bin Ummi Maktum, yule kipofu ambaye kwa ajili yake iliteremka Surat Abasa, hakuambiwa apate macho kwanza. Alipewa adhana, na akaachiwa Madina aisimamie Mtume, rehema na amani zimshukie, aliposafiri. Twajua vyuo ambavyo mtoto kama huyu wa Satellite hurudishwa mlangoni kwa sababu hawezi kusoma kwa sauti. Tungependa kuwauliza walimu wa vyuo hivyo wamelipata wapi sharti hilo.

Kwa hiyo twamjibu mama: ngoma hizi ni halali kwako kwa asili yake, na uziendee kama aendeaye mafunzo, si kama aendeaye muujiza. Mwangalie mwanao kuliko unavyomwangalia mwalimu. Watoto wengi wa umbile hili huumizwa na sauti. Kishindo ambacho kwako ni kidogo kwao ni msumari. Akiziba masikio, akalia, akajificha, ngoma na isimame siku hiyo, hata kama ada imekwisha kulipwa. Kumshika mikono kwa nguvu ili agonge ni dhuluma, na halali ya ngoma haiihalalishi dhuluma. Pamoja na ngoma, mpe picha na ishara tangu leo. Na kama hajapimwa masikio kwa vyombo, apimwe. Usitegemee kwamba ageuka akiitwa. Viko vituo vya serikali vya kupima watoto wenye mahitaji maalumu, vilivyoanza mwaka 1984, na iko taasisi ya KISE huko Kasarani. Mwaka 2003 wazazi walikiunda chama chao, Autism Society of Kenya, na katika Shule ya Msingi ya City, Ngara, pakafunguliwa darasa la watoto wa usonji. Kutoka Satellite hadi Ngara ni safari ya gari mbili, ya kwanza mpaka mjini na ya pili kutoka hapo, na mtoto asiyependa makelele ndani ya matatu ni mtihani mwingine. Lakini wazazi utakaowakuta huko watakufunza mengi ambayo hayamo katika barua yetu.

Limebaki suala lake la mwisho, la gharama. Ameuliza kama yajuzu kupokea zakati kwa ada ya mwalimu na nauli, kwani mumewe ni mchukuzi wa siku kwa siku. Yajuzu, madamu kipato chao hakiwatoshi. Wanazuoni wetu wamesema kuwa fukara na maskini hupewa kiasi cha kuwatosha, na khitilafu yao ni kama kitoshe mwaka mmoja au umri mzima. Na haja ya mtoto anayemlea imo katha wa katha ndani ya haja za baba. Wenye mali wa huko Nairobi, ambao kila Ramadhani hutuuliza mahali pa kuzipeleka zakati zao, na waandike kwetu. Mama huyu ametupa ruhusa ya kuwaeleza apatikanapo, bila ya kutangaza jina lake.